Kadi Iliyoazimwa Dutwa

Mwaka ule kiangazi kiliwahi. Kabla mwezi wa saba haujaisha, ng'ombe wa upande wa Sapiwi walikuwa wameshaanza kunyweshwa kwenye mashimo ya mchanga wa mto, na mimi nilikuwa mjini Bariadi, katika chumba changu cha kazi nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli, nikijiona fundi.

Kazi niliyokuwa nimepewa ilihusu visima vitatu. Kimoja kilikuwa Nkololo, nilikozaliwa. Cha pili Dutwa. Cha tatu kilikuwa katika kijiji kimoja cha upande wa Sapiwi ambacho sitakitaja, kwa sababu waliohusika bado wanaishi pale na wameshasameheana. Mkandarasi aliyeniajiri alichimba, akafunga paneli za sola na pampu. Changu kilikuwa kisanduku cha ukutani, na ndani yake bodi ndogo ya kompyuta, saizi ya kipande cha sabuni ya mche, ambayo kazi yake ni kuamua pampu iwake saa ngapi na izime saa ngapi.

Lazima nieleze kidogo bodi ya namna hii inavyoamka, maana kosa langu lilikaa hapo hapo. Umeme ukiingia, bodi haijui chochote. Haijui iko wapi wala imewekwa kwa kazi gani. Kwanza inaamka programu moja ndogo, ya kuamshia, na programu hiyo kabla ya kufanya lolote inatafuta maelekezo yake: jina lako ni fulani, pampu yako ni hii, uiwashe kwa saa kadhaa, kipimo cha maji kisikilize au usikisikilize. Vitabu vya mafundi vinayaita mazingira, jina ambalo sijawahi kulipenda. Mimi nayaita maelekezo ya kuamkia. Sasa, fundi anapoitengeneza programu ile ndiye anayeamua itayatafuta wapi. Anaweza kuiambia itazame kwenye memori kadi, ile inayochomekwa na kuchomolewa. Anaweza pia kuiambia itazame kwenye chipu ndogo iliyochomelewa kwenye bodi yenyewe, ambayo haitoki mpaka bodi ife.

Mimi nilichagua kadi. Sababu nilikuwa nazo, na zote zilikuwa za kunifaa mimi. Kadi ningeweza kukaa nayo Bariadi na kikombe cha chai, nikaichomeka kwenye laptopu, nikabadilisha nilichotaka, nikaituma kwa basi. Chipu ingenilazimu niende kijiji kwa kijiji na waya wangu, nichuchumae kwenye kibanda cha pampu pamoja na nyigu. Kitenge cha kushona nimewahi kukichagua kwa muda mrefu kuliko nilivyolifikiria jambo lile.

Na visima havifanani. Cha Dutwa ni kirefu, kina maji mengi, hata kipimo cha kuzuia pampu isivute pakavu hakikufungwa. Maelekezo yake yalikuwa mafupi: jua likiwapo, vuta. Cha tatu kilichimbwa kwenye mwamba, maji yake yanachuruzika polepole, na ukiyavuta kwa pupa yanaisha. Huko tulining'iniza kipimo, na maelekezo yake yakasema vuta kwa saa mbili, pumzika, na kipimo kikilia zima hapo hapo.

Msimamizi wa kisima kile cha tatu alikuwa mama mmoja mjane, mwembamba, mwenye umri wa mama yangu. Watu walimwita mama wa funguo. Ufunguo wa kibanda aliuvaa shingoni kwa uzi, ndani ya blauzi, pamoja na rozari yake. Mkutano wa kijiji ulimchagua kwa sababu moja tu, kwamba hakuna aliyewahi kumsikia akigombana kwenye foleni ya maji. Siku tuliyofunga kisanduku, wanaume walisimama pembeni wakiongea habari za pamba. Yeye ndiye aliyeingia kibandani na kuuliza. Aliniuliza kidude hiki kikiugua kinapewa dawa gani.

Nilicheka. Nikaichomoa ile kadi, nikamwekea kiganjani, nikamwambia akili yake yote imo humu. Kikiugua, mara nyingi kinachougua ni hiki. Nikamwonyesha jinsi ya kuichomeka mpaka ilie tiki. Alijaribu mara tatu, na mara ya tatu ilikubali, akatabasamu. Mambo hayo nilimfundisha mwenyewe, kwa kinywa changu, na nilijisikia mwalimu mzuri.

Ile kadi ilikufa mwezi wa nane. Joto la kisandukuni, vumbi, umeme unaokatika jua likipitiwa na wingu. Kadi za bei rahisi hazivumilii hayo. Jumamosi jioni tenki likakauka. Jumapili asubuhi mama wa funguo akanipigia simu.

Nilikuwa nimekaa nasukwa nywele. Simu iliita, nikaitazama. Kwenye kioo hapakuwa na jina la mtu, maana nilikuwa nimemwandika "Kisima cha tatu." Nikamwambia msusi aendelee, nitampigia baadaye. Ikaita tena. Ikaita mara ya tatu, nikaigeuza kifudifudi pajani. Nilijiambia Jumapili ni siku ya kupumzika, na kisima hakiwezi kukimbia.

Yaliyotokea baada ya hapo niliyajua baadaye, kwa kuambiwa. Wanawake walitoka misa wakakuta bomba halitoi hata tone. Ndoo zikapangwa foleni, watu wakakaa chini kusubiri. Mama wa funguo akafanya ambacho mwanamke yeyote wa kwetu angefanya moto wake ukizimika.

Kwetu viberiti vipo kila duka. Lakini moto ukizimika jikoni, bado wapo wengi wanaochukua kigae wakaenda kwa jirani kuomba kaa. Hawafanyi hivyo kwa kukosa kiberiti. Ni njia ya kujua jirani ameamkaje, na moto ukiugawa haupungui. Kumnyima mtu moto ni neno zito. Sijawahi kuliona likifanywa hivi hivi tu.

Basi, mkwe wake, mama wa mke wa mwanawe, ndiye aliyekuwa msimamizi wa kisima cha Dutwa. Mama wa funguo akapanda bodaboda. Alifika saa sita, tenki la Dutwa limeshajaa, na mkwe wake akaichomoa kadi bila kinyongo, akaifunga kwenye pindo la kanga. Kesho asubuhi irudi, walikubaliana. Saa nane mchana alikuwa amesharudi kibandani kwake. Akaichomeka mpaka ikalia tiki, kama nilivyomfundisha. Pampu ikanguruma, na vigelegele vikapigwa.

Bodi iliamka, ikatazama pale nilipoiambia itazame, ikakuta maelekezo ya Dutwa, ikawa Dutwa. Ikavuta bila kupumzika. Maji ya mwamba yalipoisha, kipimo kililia, lakini bodi ilikuwa imeambiwa hakuna kipimo. Pampu ikaendelea kuzunguka pakavu mpaka jua lilipopungua nguvu, na huko chini nyaya zake zikaungua. Juu hakuna aliyejua, kwa kuwa tenki lilikuwa na maji na watu walikuwa wanachota wakifurahi.

Jumatatu niliitwa na mwenyekiti wa kijiji. Simu yake niliipokea ilipoita mara ya kwanza. Nilipofika nikaipima pampu, imekufa. Nikachomeka waya wangu kwenye bodi, kadi ya kuazima bado imo, nikaiwasha, na mstari wa kwanza uliojiandika kwenye laptopu ulikuwa bodi ikijitambulisha kwa jina la Dutwa. Nilielewa yote kwa muda wa kumeza mate. Nilielewa kilichotokea, na nilielewa ni kosa la nani.

Nje watu walikuwa wamekusanyika. Mwenyekiti aliniuliza mbele yao nini kimeua pampu.

"Kadi ilibadilishwa," nikasema. "Imewekwa ya kisima kingine."

Hapakuwa na neno la uongo pale, na nimejaribu mara nyingi kujifariji kwa hilo. Sikusema kwamba kadi ya kisima kingine isingepaswa kuweza kuiua pampu. Sikusema kwamba kulikuwa na mahali pengine pa kuyaweka maelekezo, ambapo asingeweza kuyagusa mtu, na kwamba sikupachagua kwa uvivu. Sikusema habari za simu tatu. Mwenyekiti akauliza nani aliyeibadilisha, na mama wa funguo akasema ni yeye. Kisha akanitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa anasubiri nimalizie maelezo, kama mwanafunzi anayejua mwalimu hajafika mwisho. Mimi nikaanza kuukunja waya wangu.

Niliondoka kabla mkutano haujaisha, nikisingizia basi. Hukumu niliisikia siku mbili baadaye kwa simu. Sheria ya kamati ilisema hakuna kitu cha kisima kitakachohamishwa bila ruhusa, na yeye amekihamisha, na sasa kijiji kizima kinachota kwenye mashimo ya mchanga pamoja na ng'ombe. Alivua ufunguo shingoni mwenyewe, walivyonisimulia, akabaki na rozari. Na akatengwa mpaka siku pampu mpya itakapofungwa. Maana yake hakuna wa kumsalimia wala wa kuitika salamu yake. Hakuna wa kumpa moto wala wa kuomba moto kwake. Mtoni atachota wa mwisho, ng'ombe wakishaondoka.

Mkandarasi aliposikia alisema afadhali, kosa la mtumiaji halituhusu. Akanishauri nisijitie kitanzi. Nikaona ni ushauri wa mtu mzima, nikaufuata. Kwa wiki tatu nilifanya kazi nyingine, nikala, nikalala. Msusi wangu aliniuliza mbona kichwa changu kimekuwa kigumu kusuka, nakishika shika. Nikamwambia ni joto.

Mwisho wa wiki ya tatu nilikwenda Nkololo kumwona mama yangu. Alikuwa amekaa barazani anachambua choroko kwenye ungo, nami nikakaa kumsaidia, na katika maongezi nikamsimulia kisa kile. Nilikisimulia kama kichekesho: kuna mama mmoja ameazima akili ya kompyuta kama mtu anavyoomba moto. Aibu yangu kubwa ni hiyo. Nilikuwa nimeshapanga mahali ambapo mama angecheka.

Hakucheka. Aliendelea kuchambua kitambo, kisha akauliza kama yule mama alinipigia kabla ya kwenda Dutwa. Nikasema alinipigia. Mara ngapi? Nikasema mara tatu. Akaweka ungo chini.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Nilimwambia. Hakunikaripia, na ningependa angenikaripia. Alisema tu kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, akaurudisha ungo magotini. Baada ya muda akaanza kunieleza habari ambayo sikuwahi kuisikia. Alipokuwa ameolewa mwaka wa kwanza, jirani yao mmoja alitengwa. Yeye, mgeni pale, aliambiwa asimwamkie, akatii. Kila asubuhi alimsikia yule mwanamke ng'ambo ya uzio wa minyaa akitoka nje, akisimama, akingoja. Halafu akawa anawaamkia mbuzi wake. Anawaambia mwangaluka, mmoja mmoja, na anajiitikia mwenyewe.

"Nilikuwa namsikia," mama akasema. "Sikumwitikia hata siku moja. Mpaka leo namsikia."

Asiyekuwa wa kwetu atasema salamu ni salamu. Lakini kwetu mwangaluka haiishii hapo. Unaulizwa umeamkaje, wa nyumbani wameamkaje, wewe ni mwana wa nani, na unapojibu unakumbushwa wewe ni nani kabla hujashika jembe. Nilikaa pale na choroko mkononi nikifikiri habari za yule mama, asubuhi ishirini na zaidi akiamka na kukuta hakuna anayemwambia yeye ni nani. Aliyemfanyia hayo ni mimi. Nilijichukia, na nalisema hilo hivyo hivyo bila kulipamba.

Nilirudi Bariadi siku ile ile, na kesho yake nikaanza kuitengeneza programu upya. Niliiambia isitafute tena maelekezo kwenye kadi. Iyatafute kwenye chipu iliyochomelewa kwenye bodi, na pale nikaandika nakala mbili, ili umeme ukikatika wakati moja inaandikwa, nyingine ibaki nzima. Nilipoijaribu mara ya kwanza bodi iliamka tena kwa jina la Dutwa, nikahangaika nusu siku nzima. Kumbe nilibadilisha, nikasahau kuiweka programu mpya kwenye kadi, ambako programu yenyewe bado inakaa. Ya zamani ndiyo iliyokuwa ikiamka na kutazama ilikozoea. Hata kompyuta ina ukaidi wa mazoea.

Kisha nikaja kwenye sehemu ambayo mafundi wengi huipita bila kuitazama. Programu ya kuamshia ina maelekezo ya akiba ndani yake, ya kutumia kama haikukuta chochote, au ilichokikuta kimeharibika. Mimi mwanzoni nilikuwa nimeacha humo ya Dutwa, kwa kuwa ndiko nilikoanzia majaribio. Sasa niliyafuta. Nikaandika ya mtu asiyejua yeye ni nani: usivute maji, washa taa nyekundu, subiri. Nilipomaliza nikachukua bodi tatu za majaribio, kila moja nimeiandikia jina la kisima chake, na kadi tatu, nikawa nazibadilisha kadi asubuhi nzima. Kadi ya huku kule, ya kule huku. Kila bodi iliamka ikajitaja kwa jina lake. Nililia pale mezani. Wala haikuwa furaha. Niliona kazi yenyewe ilikuwa ya siku nne tu.

Nikampigia mkandarasi, nikamwambia kosa lilikuwa letu, la kwangu kwanza, na kwamba nitakwenda kulisema kijijini naye akiwa na pampu mpya au bila pampu. Alikasirika sana. Pampu aliileta, hilo nampa haki yake, lakini kazi yake nyingine sijapewa mpaka leo.

Nilianzia Nkololo, nikaenda Dutwa. Nilichuchumaa kwenye vibanda na nyigu wangu, nikiandika maelekezo kwenye chipu na programu mpya kwenye kadi. Yule mkwe wa Dutwa alinikaribisha vizuri mno, jambo lililoniumiza. Aliniambia tangu kadi ile irudishwe hajamwona mkwe wake, kwa kuwa mtu aliyetengwa anaona haya kutoka. Wakati naondoka nikamwomba aniazime kadi yake kwa siku mbili. Alisita, na namwelewa. Halafu akaichomoa, akaifunga kwenye pindo la kanga kama mara ile, akasema nikifika nimwambie mkwe wake kwamba anamwamkia.

Pampu mpya ilishushwa kisimani Alhamisi moja ya mwezi wa tisa, na watu walikuja wengi, pamoja na mikokoteni ya ng'ombe imejaa madumu matupu. Nilimwomba mwenyekiti mambo mawili, niseme kabla haijawashwa, na mama wa funguo awepo. Aliitwa. Akaja akasimama peke yake karibu na ukuta wa tenki, na palikuwa na nafasi kubwa kati yake na watu. Alikuwa amekonda zaidi.

Nilisema kwa Kisukuma, maana Kiswahili kingenipa pa kujificha. Nikawaeleza bodi inavyoamka, na kwamba mimi ndiye niliyechagua itazame wapi. Nikawaambia mama wa funguo alifanya vile vile nilivyomfundisha, na kwamba kabla ya kufanya alinipigia mara tatu, nami nikaiona simu nikaiacha kwa kuwa nilikuwa nasukwa nywele. Hilo la nywele lilikuwa gumu kuliko yote. Mzee mmoja akauliza kwa nini sikusema siku ile. Nikajibu niliogopa. Alinitazama, akatema mate pembeni, na nikaona sawa.

Kisha nikaitoa kadi ya Dutwa. Nikasema, hii ni kadi ile ile iliyoua pampu, na ninataka aichomeke yule yule aliyeichomeka. Mwenyekiti alianza kukataa, kwa kuwa pampu ilikuwa mpya, kisha akaniachia.

Mama wa funguo alitikisa kichwa.

"Mkono huu umeshahukumiwa," alisema. "Tafuta mwingine."

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Maneno ya kitaalamu niliyokuwa nimeyapanga nikayaacha. Nikavuka ile nafasi iliyokuwa wazi, nikapiga magoti mbele yake kama tunavyowaamkia wakubwa, nikamwambia mwadila, mayu, yaani mama, kwa kuwa ilikuwa imeshakuwa mchana. Adhabu ilikuwa bado haijaondolewa. Kila mtu pale alijua nimefanya nini. Hakuniitikia. Nikabaki magotini, mchanga unaunguza, nikamfikishia salamu za mkwe wake wa Dutwa, kwamba anamwamkia.

"Mwadila, ng'wanone," akasema hatimaye, akiniita mwanangu, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa imetumika siku nyingi.

Akaichukua kadi. Tuliingia kibandani wote wawili, akaichomeka mpaka ikalia tiki. Bodi ikaamka, ikatazama kwenye chipu yake, ikajua iko wapi. Pampu ikanguruma. Hakuna aliyepiga vigelegele mara hii. Watu walikaa chini ya mikokoteni kukwepa jua wakasubiri, na saa mbili zilipotimia pampu ikazima yenyewe, ikapumzika. Baadaye ikawaka tena. Mwenyekiti alivua kofia. Alimrudishia ufunguo, akasema kwa niaba ya kijiji mambo yaliyopaswa kusemwa, na adhabu ikaondolewa. Aliupokea kwa mikono miwili. Watu wakaanza kumsalimia mmoja mmoja, wakiwa na haya, wengine wakitazama chini.

Nilikosa usafiri wa kurudi, nikalala kwake. Jioni, alipokuwa anapika, niliona jikoni gogo kubwa la mkwaju limefukiwa nusu kwenye majivu, linateketea taratibu. Kuni upande ule ni za kutafutwa mbali, na yeye alikuwa mtu mmoja. Nikamuuliza gogo lote lile la nini. Akasema amekuwa akiweka kama lile tangu mwezi wa nane, likikaribia kuisha anaweka jingine, ili mtu moto wake ukimzimikia asikose. Alilisema wakati anageuza ugali, kama jambo la kawaida.

Asubuhi tulisikia hodi. Alikuwa jirani wa nyumba ya pili, mwanamke wa makamo, amepiga magoti mlangoni na kigae mkononi.

"Mwangaluka, mayu," akasema. "Nimekuja kuomba moto."

Mama wa funguo aliitikia, akamuuliza ameamkaje, na wa nyumbani wameamkaje, na yule jirani akajibu yote hadi mwisho. Kisha akainama, akafukua majivu, akachagua kaa kubwa kuliko yote akaliweka kwenye kigae. Mimi nilitazama nikiwa kwenye kigoda changu. Jana yake jioni nilikuwa nimemwona yule jirani dukani akinunua kiberiti.